Umeme jua Kenya na Tanzania: Mkodi huondoka, mabadiliko ya ardhi hubaki

UCHAMBUZI

Mashamba ya sola yanaendelea kuongezeka katika nchi jirani za Kenya na Tanzania. Jua ni la bure, lakini ardhi inayopokea jua hilo ina mwenyewe, ina majirani, na ina sheria zinazoilinda. Swali linaloulizwa Eldoret, Malindi, Garissa na Shinyanga ni lile lile: je, mwenye shamba anapokubaliana na kampuni ya umeme, makubaliano hayo yanatosha? Na kama hayatoshi, kaunti, halmashauri au kijiji kiwe na uzito gani katika uamuzi huo?

Kwa wasikilizaji wa Uganda, ambako vituo vya sola vya Soroti, Tororo, Mayuge na Gomba tayari vinaingiza umeme katika gridi ya taifa, suala hili linafaa kufuatiliwa kwa makini. Yale ambayo majirani wamejifunza kwa gharama kubwa huenda yakawasaidia wengine kujifunza kwa bei nafuu.

Jua huhitaji ardhi nzima

Ni vyema kuanza na tofauti ambayo mara nyingi husahaulika. Mtambo wa upepo huchukua kipande kidogo cha ardhi, na ng'ombe huendelea kulisha chini yake. Ndivyo ilivyo Kipeto, katika kaunti ya Kajiado, ambako wafugaji wenye hati zao wamekodisha sehemu za mashamba kwa mradi wa upepo na bado mifugo yao inatembea kati ya minara.

Shamba la sola halifanani na hilo. Paneli hupangwa kwa safu zinazofunika eneo karibu lote, kisha uzio huzungushwa kwa ajili ya usalama wa mitambo na wa watu. Kituo cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019 kikiwa na uwezo wa takribani megawati 50, kimeenea katika hekta 85. Ndani ya uzio huo hakuna malisho, hakuna njia ya kupita kwenda kisimani, wala hakuna kilimo. Kwa hiyo uamuzi wa mwenye ardhi mmoja kuhusu sola huwagusa jirani zake zaidi kuliko uamuzi wa kuruhusu mnara mmoja wa upepo.

Hapo ndipo mvutano unapoanzia. Mwenye shamba husema: hati ni yangu, kodi ya ardhi nalipa mimi, na mahindi hayanipi uhakika wa bei. Jirani husema: njia tuliyopita tangu enzi za babu imefungwa, na maji ya mvua yaliyokuwa yakinywewa na ardhi ya wazi sasa yanateremka kwangu. Wote wawili wana hoja, na sheria inalazimika kuwasikiliza wote.

Kenya: hati si ruhusa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda haki ya kumiliki mali katika kifungu cha 40. Lakini kifungu cha 66 kinaipa serikali mamlaka ya kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa maslahi ya usalama, afya ya umma na mipango ya matumizi ya ardhi. Kifungu hicho hicho kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba uwekezaji katika ardhi unazinufaisha jamii za mahali husika na uchumi wao. Kwa maneno mengine, Katiba yenyewe imekubali tangu mwanzo kwamba umiliki na matumizi ni mambo mawili, na kwamba jirani naye ana sehemu katika la pili.

Mashamba ya sola ya kaunti ya Uasin Gishu, yaliyo karibu na Eldoret, yamejengwa katika ukanda unaojulikana kwa mahindi na ngano. Mwenye shamba katika ukanda kama huo hukutana na milango kadhaa kabla ya paneli ya kwanza kusimamishwa.

Mlango wa kwanza uko nyumbani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa, kutolewa au kukodishwa bila ridhaa ya wanandoa wote wawili. Mkataba wa sola mara nyingi hufuata muda wa mkataba wa kuuza umeme, yaani miaka 20 au 25. Baba anayetia saini akiwa na umri wa miaka 55 anawafunga watoto wake, na pengine wajukuu, katika makubaliano ambayo huenda yeye mwenyewe asiyaone yakimalizika.

Mlango wa pili ni Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Sheria inayoiunda inasema kwamba muamala wowote wa ardhi ya kilimo, ukiwemo ukodishaji, ni batili iwapo bodi haikutoa kibali. Bodi hii iko chini ya utawala wa serikali kuu, si ya kaunti, na wakazi wa eneo huwa miongoni mwa wajumbe wake. Kwa desturi, mke au mume na watoto waliofikia utu uzima huitwa mbele yake ili waulizwe kama wanaujua muamala huo. Wengi huiona kuwa usumbufu, lakini katika familia nyingi hapo ndipo mke husikia kwa mara ya kwanza masharti ya mkataba yakisomwa kwa sauti.

Mlango wa tatu ni wa kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inakataza ujenzi wowote ndani ya kaunti bila ruhusa ya kaunti hiyo. Jedwali la nne la Katiba nalo limezikabidhi kaunti majukumu ya mipango na sehemu ya usimamizi wa nishati, na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inazitaka zitayarishe mipango yao ya nishati. Baada ya hapo bado kuna leseni ya mazingira kutoka NEMA na leseni ya kuzalisha umeme kutoka kwa mamlaka ya udhibiti, EPRA.

Pale ambapo ardhi hubadilika jina

Miongoni mwa milango hiyo, kuna mmoja ambao haupewi uzito unaostahili. Sheria ya udhibiti wa ardhi inaitaka bodi ikatae kibali iwapo ardhi ya kilimo inakodishwa kwa mtu asiye raia, au kwa kampuni ambayo wanahisa wake si Wakenya watupu, isipokuwa Rais ametoa msamaha. Miradi mingi mikubwa ya sola ina wanahisa wa kigeni. Kwa hiyo njia inayokimbiliwa ni kuomba matumizi ya ardhi yabadilishwe, kutoka kilimo hadi matumizi mengine.

Ombi hilo likikubaliwa, ardhi hutoka nje ya mamlaka ya bodi, na kikwazo cha uraia katika sheria hiyo huondoka. Mwekezaji hupata njia rahisi zaidi, na mwenye shamba hupata mpangaji. Lakini shamba si shamba tena machoni pa sheria. Linaweza kutozwa ardhi kwa viwango tofauti, linaweza kuuzwa bila familia kuitwa mbele ya bodi, na baada ya miaka 25 mitambo ikiondolewa, hakuna kinacholirudisha lenyewe kuwa la kilimo. Mwenye nalo atalazimika kuomba upya.

Hii ndiyo hali inayoifanya sauti ya kaunti kuwa na uzito kuliko inavyoonekana. Afisa wa mipango anayeidhinisha mabadiliko ya matumizi haamui tu kuhusu paneli, bali kuhusu aina ya ardhi itakayorithiwa. Hata hivyo sheria hiyo hiyo ya mwaka 2019 inasema kwamba mwombaji wa ruhusa ya ujenzi asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huchukuliwa kuwa imetolewa. Kanuni hiyo iliwekwa ili kuwazuia maafisa wasikalie mafaili wakisubiri kitu kidogo, na lengo lake ni jema. Lakini katika kaunti yenye wapangaji wachache, siku 60 zinaweza kupita kabla ya jirani wa mwisho kujua kwamba kuna ombi.

Kuna pia suala la maslahi. Kaunti hutoza ada za maombi na vibali, na baadaye hutarajia kodi ya ardhi. Anayenufaika na idhini ndiye huyo huyo anayetakiwa kuipima idhini hiyo bila upendeleo. Hilo halimaanishi kwamba kaunti zinafanya vibaya. Linamaanisha kwamba mwenye shamba na jirani yake wanahitaji njia ya kukata rufaa, na sheria imeweka kamati ya kaunti ya kusikiliza malalamiko ya mipango, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Ardhi ya jamii: idhini ya theluthi mbili

Katika maeneo makavu ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, ambako jua ni kali na ardhi ni pana, sehemu kubwa ya ardhi si ya mtu binafsi. Ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaeleza wazi: makubaliano ya uwekezaji ni lazima yapatikane kwa mashauriano huru na ya wazi, na yaidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo, mwakilishi wa mwekezaji akiwepo. Mkataba unapaswa kutaja athari, fidia au mrabaha, na namna madhara yatakavyopunguzwa.

Tatizo ni kwamba jamii nyingi bado hazijasajili ardhi zao. Ardhi isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana. Kaunti haina ruhusa ya kuiuza wala kuibadilisha, lakini kwa vitendo ndiyo inayozungumza na wawekezaji, na jamii isiyo na hati huwa na sauti ndogo mezani.

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana unaonyesha gharama ya mambo kufanyika kinyume cha utaratibu. Mradi huo wa megawati 310, wenye mitambo 365, ulipewa ekari 150,000 huko Marsabit kabla ya sheria ya mwaka 2016 kuwepo, kupitia baraza la wilaya la wakati huo. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014. Mitambo ilijengwa, umeme ukaanza kuingia katika gridi mwaka 2018, na mwezi Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa njia iliyo sahihi, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha kasoro. Mwaka 2023 mahakama hiyo ilikataa kuongeza muda.

Mfano mwingine ni Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Huko ardhi ilikuwa ya wakulima wadogo wenye hati zao, na baadhi yao walikuwa tayari kukodisha. Lakini majirani hawakuridhika, maandamano yakazuka, na mradi wa upepo wa megawati 60 ukaachwa mwaka 2016. Marsabit palikosekana ridhaa ya jamii. Kinangop ridhaa ya wenye mashamba peke yao haikutosha. Miradi yote miwili ni ya upepo, lakini sola inayohitaji ardhi nzima haina sababu ya kutarajia upole zaidi.

Nani anakula nini

Penye manufaa yanayoonekana, ubishi hupungua. Katika nishati ya mvuke wa ardhini, sheria ya Kenya ya mwaka 2019 imeweka mrabaha na kueleza unavyogawanywa: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali hapo. Kwa jua hakuna kifungu cha namna hiyo. Mwenye ardhi hulipwa kodi yake, kampuni huuza umeme, na jirani anayeishi mita 200 kutoka uzio anaweza kuendelea kuwasha koroboi iwapo nguzo za umeme hazijafika kwake.

Hali hiyo huzaa aina mbili za malalamiko. La kwanza ni la majirani, ambao huona mradi kama mali ya mtu mmoja na wageni wake. La pili ni la wenye ardhi wenyewe, ambao hulalamika kwamba kila kamati ya mtaa sasa inataka sehemu ya kodi yao, kana kwamba shamba ni la kijiji. Sheria isiposema wazi jirani anastahili nini, atakitafuta kwa njia ya vikwazo: kugoma kwenye baraza la chifu, kuziba barabara, au kwenda mahakamani.

Wako wanaojaribu kupunguza mgongano huo shambani kwenyewe. Katika majaribio yaliyofanyika Isinya, kaunti ya Kajiado, na Morogoro nchini Tanzania, paneli ziliinuliwa juu ya nguzo ili mboga zilimwe chini ya kivuli chake. Katika maeneo ya joto kali, kivuli hicho hupunguza maji yanayopotea ardhini. Gharama ya kuinua paneli ni kubwa zaidi, na njia hii haijaenea kwenye vituo vikubwa. Hata hivyo inaonyesha kwamba kaunti inaweza kutoa idhini yenye masharti ya namna ya kujenga, badala ya kubaki na majibu mawili tu ya ndiyo au hapana.

Tanzania: neno la mkutano mkuu wa kijiji

Nchini Tanzania msingi ni tofauti. Ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Chombo chenye uzito mkubwa ni mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema.

Mwekezaji wa kigeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji. Ni lazima kwanza ihaulishwe kuwa ardhi ya jumla. Kwa eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata mapendekezo ya kijiji. Kituo cha sola chenye ukubwa kama wa Garissa kinaingia chini ya kiwango hicho, na kwa hiyo katika mradi wa aina hiyo kura ya wanakijiji ina nguvu ya kweli.

Lakini hapa pia kuna mtego unaofanana na ule wa Kenya. Ardhi ikishahaulishwa kuwa ya jumla, hairudi yenyewe mikononi mwa kijiji mradi unapokwisha. Wanakijiji wanaopiga kura wakidhani wanakodisha kwa miaka 25 wanaweza kuwa wameachia moja kwa moja. Ndiyo maana mpango wa matumizi bora ya ardhi, unaotakiwa na sheria ya mwaka 2007, una umuhimu: kijiji kilichokwisha kutenga maeneo ya makazi, kilimo, malisho na akiba kinajua kinachoweza kutoa na kisichoweza.

Miradi ya serikali hupitia njia nyingine. Mradi wa Kishapu, mkoani Shinyanga, uliopangwa kufikia megawati 150 na kuanza na awamu ya megawati 50, unaendeshwa na shirika la umma, TANESCO. Mahali serikali inapotwaa ardhi, sheria inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Kati ya maneno hayo matatu, la mwisho ndilo linalobeba uzito kwa mkulima, kwa kuwa fidia inayochelewa misimu miwili humkuta ameshakopa.

Yanayowahusu wasikilizaji wa hapa

Uganda ina mifumo minne ya umiliki: mailo, miliki huru, ukodishaji na ardhi ya kimila. Katiba ya mwaka 1995 inasema ardhi ni ya raia wenyewe. Hilo ni jambo la heri, lakini linaongeza idadi ya watu wanaopaswa kuulizwa. Katika ardhi ya mailo, mwenye hati anaweza kuwa mmoja na wenye vibanja wakawa kumi. Katika ardhi ya kimila ya kaskazini na mashariki, ukoo mzima unaweza kuwa na haki ambayo haikuandikwa popote.

Kutokana na uzoefu wa majirani, kuna maswali manne ambayo mwenye ardhi anapaswa kuyapatia majibu ya maandishi kabla hajatia saini. Kwanza, baada ya mkataba kwisha, ardhi itakuwa ya aina gani kisheria, na nani atagharamia kuirudisha ilivyokuwa? Pili, nani ataondoa paneli zilizochakaa na misingi ya zege, na iwapo kampuni itafilisika, fedha za kazi hiyo zitatoka wapi? Tatu, kodi itapanda kwa kiwango gani kila baada ya miaka kadhaa, ili isije ikaliwa na mfumuko wa bei? Nne, njia za kupita, visima na mifereji ya maji ya mvua vitabaki wazi kwa nani?

Kwa upande wa serikali za mitaa, funzo kuu ni la mpangilio wa hatua. Marsabit, mahakama ilizungumza mitambo ikiwa imeshasimama. Kinangop, majirani walizungumza wenye mashamba wakiwa wameshakubali. Mashauriano yanayofanyika mapema huchelewesha mradi kwa miezi. Yale yanayoachwa hadi mwisho huuchelewesha kwa miaka au kuuzika kabisa.

Kudhibiti kupita kiasi nako kuna hasara zake. Mkulima mdogo aliyepata mpangaji wa kulipa kwa uhakika hastahili kuzungushwa ofisi saba hadi mwekezaji aende kwa mwenye shamba kubwa anayemudu mawakili. Milango mingi isiyo na ratiba humlinda mwenye nguvu na kumkwamisha mnyonge. Kinachotakiwa ni milango michache inayojulikana, yenye muda maalumu, na ambayo jirani anajulishwa kwa lugha anayoielewa kabla haijafunguliwa.

Mahitaji ya umeme Afrika Mashariki yataendelea kupanda, na bei ya paneli imeshuka sana katika miaka kumi na tano iliyopita. Mikataba zaidi itafika vijijini, mara nyingi ikiwa imeandikwa Kiingereza na kuletwa na watu wenye haraka. Kodi ya mwaka wa kwanza ni rahisi kuihesabu. Hali ya ardhi katika mwaka wa 26, baada ya mkodi kuondoka, ndiyo inayopaswa kusomwa kwa sauti mbele ya familia, jirani na mjumbe wa serikali ya mtaa, kabla ya kalamu kushikwa.